Kwa wadogo zangu mnaopewa oda ya chakula bila nyama

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi aliniletea menyu ya chakula cha usiku cha watu 60. Mwenye shughuli hali nyama, mkewe hali nyama, ila wageni wao wengi ni wala nyama wa kutupwa. Kijana kachukua menyu ya harusi ya Jumamosi, kapiga mstari kwenye kuku, kapiga mstari kwenye mbuzi wa kuoka, palipoandikwa pilau ya nyama kaandika "pilau ya soya", halafu chini kabisa kaongeza kabichi. Nikamuuliza kabichi ya nini. "Mama, si watu wa majani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakasirika, maana menyu hiyohiyo naiona kila mwaka, mkono tofauti tu. Basi someni, halafu mrudi kumenya vitunguu.

1. Uliza mtu anaacha nini hasa. "Hali nyama" ni mwanzo wa mazungumzo. Mkatoliki katika Ijumaa ya Kwaresima anaacha nyama, samaki anakula. Kuna Wasabato wasiogusa nyama kabisa lakini mayai na maziwa wanatumia. Mhindu asiyekula nyama mara nyingi hali hata yai, ila mtindi na samli ni chakula chake cha kila siku. Mjaini, yaani mtu wa dini ya Kijaini iliyotoka India, anayeshika dini yake sawasawa hali kitunguu, kitunguu saumu wala kiazi, kwa kuwa vyote hung'olewa ardhini; hapo pilau yako imekufa kabla hujabandika sufuria. Haya uyaulize siku unayopokea advansi. Usiyagundue saa kumi na mbili jioni, mgeni rasmi anashuka kwenye gari.

2. Panga chakula ambacho tangu asili hakina nyama. Huu ndio moyo wa kazi. Mtu wa pwani kakua anakula maharage ya nazi, mbaazi, choroko, kisamvu cha karanga, ndizi mbichi za nazi, na hakuna siku aliyoinua kifuniko akauliza nyama iko wapi. Bajia za dengu, viazi karai, katlesi za viazi, urojo: watu wanagombania. Wala nyama wanakula bila nyama siku nyingi tu za wiki. Hawajui kwa sababu hakuna aliyewatangazia.

Sasa niwaambie yangu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kujitegemea, nikapata oda ya kumuaga mhasibu mkuu wa kampuni fulani aliyekuwa anastaafu. Mzee Mhindu, mpole, hajawahi kuonja nyama. Nikajiona mjanja. Nikanunua soya za vipande, nikaziloweka maji ya moto, nikazitoa bila kuzikamua. Mnajua soya isiyokamuliwa: inabaki na maji yake na harufu yake ya unga, na kiungo hakipati pa kuingilia. Nikazitia kwenye pilau kama vile ni nyama. Na kwa kuwa nilizoea supu ya nyama inifanyie kazi, nikamimina maji matupu, vitunguu nikavitoa motoni vikiwa bado vya dhahabu. Pilau ikatoka imepauka kama wali ulioanguka kwenye vumbi.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Mimi nikaandika vikadi. "Pilau (bila nyama)". "Mchuzi (bila nyama)". "Sambusa (bila nyama)". Nusura niandike tikiti maji bila nyama. Mshereheshaji akavisoma, akachukua kipaza sauti kwa furaha zote: "Ndugu zangu, leo tunamuunga mkono mzee wetu, hakuna nyama!" Ukumbi ukaguna.

Nikasimama nyuma ya meza kuangalia. Dereva mmoja mwenye mwili wake alichota pilau, akatia kipande cha soya mdomoni, akaacha kutafuna. Akamtazama jirani yake. Akakitoa kwa uma, taratibu, akakiweka ukingoni mwa sahani. Jirani naye akaweka chake. Baada ya muda meza nzima ilikuwa na soya zilizopangwa ukingoni.

Ng'ambo ya geti palikuwa na muuza mishkaki. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Wanaume wakaanza kupata simu. "Ngoja nipokee hii." "Samahani, mtandao humu ndani unasumbua." Zilipofika hotuba, nusu ya viti vilikuwa vitupu, na mzee anayeagwa alikuwa akimnong'oneza katibu wake kuuliza watu wameenda wapi. Mwishoni alikuja jikoni mwenyewe kunishukuru. "Asante binti," akasema. "Mimi nimeshiba."

Hiyo "mimi" sijaisahau. Mzee yule alikaa miaka yote kwenye sherehe za ofisi akila wali na kachumbari, wenzake wanang'ata mifupa, na hakulalamika. Siku yake moja tu, mimi nikakifanya chakula chake kionekane adhabu mbele ya watu aliofanya nao kazi.

Na jibu lilikuwa humohumo jikoni. Mama mmoja wa Tanga aliyekuwa ananisaidia alikaanga viazi karai kwa ajili yetu wahudumu, na chatne ya ukwaju pembeni. Wageni waliokuja kuomba maji ya kunywa waliimaliza sinia ile wakiwa wamesimama. Kile ambacho sikukiandikia kadi ndicho kilicholiwa.

Sikatai soya. Ikamue mpaka ikauke, ikaange peke yake na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, uipe jina lake, isijifanye mbuzi.

3. Mla nyama anachokosa huwa hakijui kwa jina. Anakosa mafuta, moshi, kitu cha kutafuna, na mchuzi mzito wa kumwagia wali. Vyote unavyo. Kitunguu cha pilau kiende mpaka kahawia iliyoiva, ukiogopa kukiunguza hutapata rangi. Bizari nzima, mdalasini, karafuu, hiliki na pilipili manga vichemke kwenye maji kabla mchele haujaingia, viazi vikaangwe kwanza viwe na ngozi, halafu palia makaa juu ya mfuniko kama ulivyofundishwa na bibi yako. Nyanya za mchuzi zikaange hadi mafuta yajitenge. Hapo ndipo wengi wenu mnaharakisha.

Moshi je? Biringanya zima weka juu ya mkaa, uligeuze mpaka ganda liungue na ndani lilegee, menya, ponda, unga kwa kitunguu na tui zito. Kwa sufuria ya maharage, chukua kaa jekundu, liweke kwenye kibakuli cha chuma katikati ya sufuria, dondoshea kijiko cha samli, funika dakika chache. Kifuniko kikiinuliwa, yule wa kupokea simu atakaa kwenye kiti chake.

4. Tui zito mwisho, koroga mpaka lichemke, lisikatike. Maharage yalale kwenye maji usiku mzima. Yale mekundu yachemke kwa nguvu kabla hujapunguza moto, maana yasipoiva yanaumiza tumbo. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemke sana bila mfuniko, sumu yake itoke. Hili si la mzaha.

5. Mafuta yaliyokaanga samaki hayakaangi bajia za mtu asiyekula samaki. Angalieni pia vidonge na unga wa mchuzi wa pakiti, vingine vina nyama ndani. Kijana mmoja aliniambia "lakini haionekani". Nikamwambia aende akamwambie hivyo mwenye shughuli, tena kwa sauti. Hakwenda. Mwiko wa nyama na mwiko wa maharage ni miiko miwili, na kama hujui upi ni upi, osha yote uanze upya.

6. Usitangaze. Anayeuliza mwambie ukweli wote, hasa karanga, kwani wapo wanaodhurika nazo. Asiyeuliza mpakulie. Mwambieni mshereheshaji mapema kwamba menyu haimhusu, yeye ashughulike na muziki. Anzeni na vitafunwa vya moto mapema, vikiwa vimetoka kwenye karai, wageni wasikae na njaa wakiwaza nyama. Kachumbari iwe kali, pilipili ziwe za aina mbili, na chapati ziwepo hata kama wali upo, mtu apate cha kuchovya.

7. Kiasi. Kilo moja ya mchele natoshelezea watu wanane, sibadilishi. Mboga ongeza, kwani hapa hakuna mnofu wa kugawa kimoja kimoja. Mtu anayelipenda biringanya atalirudia, na mwenzake wa mwisho kwenye foleni asikute sufuria inakwaruzwa.

8. Bei. Mteja atakuambia, "Nyama haipo, si utanipunguzia?" Usipunguze. Mweleze nazi ngapi zinakunwa, karanga ngapi zinasagwa, kisamvu kinatwangwa na nani na kwa saa ngapi. Nyama unaiweka motoni unaenda kukaa. Kisamvu hakikuruhusu ukae. Na wale wasichana wa kutwanga walipwe siku hiyohiyo, kabla hawajapanda daladala.