Waragi ya kila jioni: imezidi lini?

Kaka, umeuliza kama waragi, ile pombe kali ya Uganda, unayokunywa kila jioni imekuzidi. Kuhesabu glasi peke yake hakutoshi. Je, unapanga mbili unaishia sita? Unamficha mkeo? Zamani mbili zilikulewesha, sasa nne hazikugusi? (Hapo kilabuni kwenye malwa, pombe ya ulezi, watakusifu una kichwa kigumu, kumbe mwili umeshazoea pombe.) Jaribu wiki moja bila kunywa, uone. Lakini kama asubuhi mikono inatetemeka na jasho linakutoka mpaka upate kidogo, usiache ghafla! Unaweza kupata degedege, hata kufa. Muone daktari kwanza. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha walevi, na si wendawazimu tu wanaotibiwa pale.