Kukimbia peku na muziki masikioni: usizibe sauti ya nyayo zako

Soli nene ya kiatu humfichia mkimbiaji makosa mengi. Anayekimbia peku hana maficho hayo: akitua vibaya, ngozi na mifupa hulipa siku hiyohiyo. Afueni yake ni kwamba kosa huanza kusikika kabla halijaanza kuuma. Wayo unaotua sawasawa karibu hausikiki. Unaotua vibaya una kelele, na kila kosa lina kelele yake.

Ndiyo maana muziki kwa mkimbiaji peku si jambo la starehe tu. Hatusemi uuache. Nyimbo zilizochaguliwa vizuri hufundisha hatua fupi na za haraka kuliko kocha anayekupigia makofi pembeni. Lakini muziki unakuja baada ya masikio kuzijua nyayo, na hapo ndipo wengi wanapoanzia mwisho.

Kelele tatu za kuzijua kwanza

"Pwaa!" ni wayo mzima kubamizwa chini kama kofi. Mara nyingi hatua imekuwa ndefu mno na mguu unatua mbele sana ya goti. Dawa yake si kunyata kwa vidole. Ni kufupisha hatua na kuinua mguu mapema.

"Puu," nzito na ya chini, ni kisigino. Usipoisikia masikioni utaihisi gotini. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, katika utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2010, waliwapima wakimbiaji wa aina mbalimbali, wakiwemo Wakenya wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia peku. Waliozoea peku walitua zaidi kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo, na mshindo wa kutua kwao ulikuwa mdogo kuliko wa waliovaa viatu na kutua kwa kisigino. Peku kwenye ardhi ngumu, kisigino kinapaswa kushuka baadaye, taratibu. Kisiachwe juu muda wote, maana hapo kano ya kisigino ndiyo itakayolia.

Ya tatu ni mkwaruzo: "kwaru, kwaru." Wayo unaburuzwa kidogo wakati wa kutua, au unasukuma ardhi kwa nguvu wakati wa kuondoka. Ni sauti ndogo kuliko zote, na ndiyo muziki unaoimeza kwanza. Bahati mbaya ndiyo pia inayoleta malengelenge, kwa sababu lengelenge huletwa na msuguano, si na uzito wa mwili. Mtu anamaliza kilomita tatu akifurahia nyimbo zake, anageuza mguu na kukuta ngozi imeinuka chini ya kidole gumba. Ule mkwaruzo ulikuwa unampigia kelele tangu kilomita ya kwanza.

Wiki nane bila muziki kabisa

Wiki mbili za kwanza tembea tu peku, dakika 20 hadi 30 kwa siku, kwenye ardhi ngumu iliyo safi. Wiki ya tatu ingiza mita 400 za kukimbia ndani ya matembezi hayo, siku moja unakimbia, inayofuata unapumzika. Ongeza mita 200 hadi 300 kila wiki mpaka ufike kama kilomita 2. Kuanzia hapo usizidishe zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki.

Mwendo huu humkera mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 10 na viatu. Mapafu yake yako tayari, ila mifupa myembamba ya wayo, mashavu ya miguu na kano ya kisigino haviko tayari, navyo hujijenga polepole kuliko pumzi. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa wakimbiaji waliohamia kwenye viatu vyembamba vya mithili ya peku kwa wiki 10. Walipopigwa picha, wengi walionekana na uvimbe ndani ya mifupa ya nyayo kuliko wenzao waliobaki na viatu vya kawaida. Sasa changanya hatari hiyo na muziki, ambao kazi yake kubwa mazoezini ni kufanya uchovu uonekane mdogo kuliko ulivyo. Kwa mwenye viatu hiyo ni faida. Kwa anayeanza peku, huo ndio mlango wa kupitiliza umbali bila kujua.

Watu humtaja Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 peku kwa saa 2:15:16. Wanasahau kwamba alikuwa ameshafanya mazoezi mengi bila viatu kabla ya siku ile.

Kupima mapigo ya wimbo na hatua zako

Kimbia mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Hizo ndizo hatua zako kwa dakika. Ukipata 39, una hatua 156, ambazo ni chache kwa mtu anayekimbia peku. Wengi hutulia kati ya 165 na 185, kutegemea urefu wa miguu na kasi. Usiruke kutoka 156 hadi 180 kwa sababu umesoma namba hiyo mahali. Ongeza kama asilimia 5, yaani hadi 164, ukae hapo wiki tatu au nne, halafu upime tena.

Wimbo upime vilevile: gonga meza kwa mapigo yake kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwa hatua 164 unatafuta wimbo wa mapigo 164, au wa mapigo 82 ambapo kila pigo linaangukia mguu uleule. Huu wa nusu tunaupendelea, kwa sababu haukusukumi. Pigo likitua kwenye mguu wa kushoto, wa kulia unajaza nafasi bila haraka. Rege na hip hop zina nyimbo nyingi za kati ya 80 na 92. Bongo Flava imetawanyika mno, hivyo pima kila wimbo peke yake.

Amapiano inawadanganya wengi. Mapigo yake mara nyingi ni kati ya 110 na 115. Ukifuata pigo kwa hatua unapata mwendo wa matembezi, na ukilizidisha mara mbili unafika zaidi ya 220. Mwili unatafuta njia ya katikati, hatua zinayumba, na mkwaruzo unaanza. Singeli nayo huvuka 200. Ihifadhi kwa mbio fupi za mita 60 hadi 80 kwenye nyasi, baada ya miezi kadhaa. Kwenye lami itakuchubua.

Wimbo unaoupenda ukiwa na mapigo 85 nawe unahitaji 82, programu kama Audacity inabadilisha kasi bila kubadilisha sauti ya mwimbaji. Ukivuka asilimia 6 hivi, ngoma huanza kulegea au kubanwa na wimbo unapoteza ladha, tafuta mwingine.

Kosa la kuangalia hapa: wimbo ukichangamka, mtu huongeza urefu wa hatua badala ya idadi yake. Kasi isibadilike. Hatua ziongezeke, kila moja iwe fupi. Haile Gebrselassie alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani ya ukumbi mjini Birmingham mwaka 1998, wimbo aliouomba ulikuwa ukipigwa uwanjani kwa sababu mapigo yake yalilingana na hatua zake. Alikuwa na viatu vya misumari, sawa, lakini namna ya kuutumia muziki ni hiyohiyo: wimbo ulichaguliwa kufuata mguu.

Hedifoni ipi, sikio lipi, sauti kiasi gani

Hedifoni za kuziba tundu la sikio zinafaa nyumbani. Ukikimbia nazo, sikio lililozibwa hupokea mshindo wa mwili kupitia mifupa, kwa hiyo utasikia "du, du" kubwa hata kama unatua vizuri, huku mkwaruzo mwembamba wa ngozi ukipotea kabisa. Unabaki unarekebisha kosa ambalo halipo. Chagua zinazokaa wazi mlangoni mwa sikio, au zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu na kuacha tundu wazi. Kama zina mfumo wa kuzuia kelele za nje, uzime. Kwenye boksi tafuta alama ya IPX4 au zaidi ili zistahimili jasho.

Hedifoni ya bei ndogo yenye waya inatosha pia, ukivaa upande mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usaidizi wa kusikia, uwashe sauti ya mono. Usipofanya hivyo, gita au ngoma iliyorekodiwa upande wa pili hutaisikia. Waya upite ndani ya fulana, kipande usichokivaa sikioni kisininginie.

Sikio lipi? Barabarani kimbia ukitazamana na magari. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, hivyo wewe unakuwa ukingo wa kulia na barabara iko kushoto kwako: vaa sikio la kulia, la kushoto liache kwa ajili ya barabara. Rwanda, Burundi na Congo, ambako magari hupita kulia, geuza. Bodaboda bado inaweza kutokea nyuma yako pembeni mwa barabara, na hiyo peke yake inatosha kukataa kuziba masikio yote mawili.

Kiwango cha sauti kina kipimo rahisi. Simama, muziki ukipiga, sugua wayo chini mara moja. Husikii msuguo? Punguza. Rudia kila unapohama kutoka njia ya vumbi kwenda lami, kwa sababu lami ina kelele nyingine. Masikio yenyewe nayo yana kikomo: Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na anayefaulu kipimo cha msuguo mara nyingi huwa chini ya hapo.

Simu usiishike mkononi. Mkono mmoja ukiwa mzito, bega hukaza na mguu wa upande wa pili hubadilika. Mkanda wa kiunoni uliobana, simu ikae mgongoni.

Kuweka kimya ndani ya orodha

Dakika 10 za kwanza hazina wimbo. Ngozi inapata joto, na masikio yanakagua siku hiyo miguu ikoje. Kisha nyimbo tatu, halafu dakika mbili za kimya, halafu tatu tena. Tengeneza faili la kimya la dakika mbili (Audacity inalitengeneza kwa kubonyeza mara chache) na liingize katikati ya orodha, maana ukitegemea kukumbuka kuzima hutazima. Kimya kikifika, sikiliza: pwaa, puu, au kwaru? Miguu yote miwili inalia sawa? Ukisikia mmoja mzito kuliko mwingine, umeanza kuukwepa mguu unaouma.

Zipo siku za kuacha hedifoni nyumbani: njia usiyoijua, giza, na asubuhi baada ya mvua kubwa, maji yanapokuwa yamesomba vioo na misumari. Njia zenye mbigili pia zinataka macho na masikio yote. Ukienda kushindana, kumbuka kanuni za riadha za kimataifa zinamkataza mshindani kuwa na redio, simu au vifaa kama hivyo uwanjani. Mbio za barabarani za watu wote waandaaji wengine huruhusu, kwa hiyo uliza kabla.

Ufukweni

Mawimbi na upepo humeza sauti za nyayo, na watu hupandisha muziki kushindana nao. Hapo tumia macho. Kimbia maji yanapokupwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, kisha rudi ukasome nyayo zako. Shimo refu la kisigino ni ile "puu". Mchanga uliorushwa nyuma ya vidole ni kusukuma kupita kiasi. Alama iliyoburuzika mbele ni kwamba unafunga breki kila hatua. Ufukwe una mteremko kuelekea majini, hivyo nusu ya umbali nenda, nusu rudi kwenye mstari uleule. Mchanga mkavu laini hutesa mashavu ya miguu; mita 200 zinatosha kwa anayeanza.

Baada ya kukimbia

Osha miguu kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, kagua kwenye mwanga. Miiba itoke siku hiyohiyo. Kwenye maeneo yenye funza, au udongo wenye kinyesi ambako safura huingia kupitia ngozi, usikimbie peku hata ungekuwa na nyayo ngumu namna gani. Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijaribu, kwa sababu hapati ile taarifa ambayo mambo haya yote yanaitegemea.

Maumivu ya mashavu ya miguu pande zote mbili, siku mbili, ni ya kawaida. Maumivu ya juu ya wayo yanayokaa mahali pamoja, ambapo ukibonyeza kwa dole gumba unapapata palepale, si ya kawaida: acha kukimbia, nenda hospitali. Kisigino kinachouma kwenye hatua za kwanza asubuhi kinataka mapumziko na kurudi nyuma wiki mbili za ratiba.

Na kabla ya kununua chochote, jaribu muziki ambao watoto wa shule Tanzania wameukimbilia kwa vizazi, wengi wakiwa peku: mchakamchaka. Mmoja anaita, kundi linaitika, silabi inaangukia mguu. Hakuna sikio linalozibwa, na asiyeweza kuitikia anajua papo hapo kwamba kasi imemzidi. Ukiwa peke yako imba mstari mfupi wa silabi nane, hatua moja kwa kila silabi, kisha nyamaza hatua nane ukivuta pumzi na kusikiliza chini.