Kutu kwenye kalavati, maji ya zege, na mtaro unaojaa jua likiwaka

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, na zote zinahusu kazi za umma. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana kosa linaloelezwa humo linarudiwa ukanda wote wa pwani.

SWALI: Asalaam aleykum wahandisi wetu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Mwambani. Tuna kalavati la boksi karibu na ufukwe, halijatimiza miaka mitano. Chini ya dari lake zege limebanduka vipande vya ukubwa wa kiganja, nondo zinaonekana nyekundu, na pembeni kuna ufa mrefu ulionyooka. Mkandarasi anasema ni chumvi ya bahari, haizuiliki, ila yuko tayari kupiga plasta. Tukubali?

JIBU: Wa aleykum salaam, ndugu mjumbe. Plasta msikubali. Kwamba ni chumvi, huenda ni kweli. Kwamba haizuiliki, si kweli. Bahari ilikuwapo kabla mchoro haujachorwa, na zege la pwani hupangwa kwa kuihesabu.

Nondo ikiwa ndani ya zege zima haipati kutu, kwa sababu saruji huifunika kwa utando mwembamba unaoilinda. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo huuvunja utando huo, na kwa unyevu na hewa kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, hivyo husukuma zege kutoka ndani. Ndiyo maana ufa mlioona umenyooka: unafuata nondo iliyolala chini yake.

Kinachoichelewesha chumvi ni zege lililoshikamana vizuri na unene wa zege linaloifunika nondo, ambao mafundi huuita kava. Chukueni rula, mpime pale palipobanduka, kutoka uso wa zege ambao bado mzima hadi kwenye nondo. Kwa kalavati la ufukweni tungetarajia milimita 50 au zaidi. Mkikuta 20 au 25, jibu mnalo. Na msidhani nusu ya kava inatoa nusu ya umri. Muda wa chumvi kufika kwenye nondo hufuata takriban mraba wa unene, kwa hiyo nusu ya kava inabakiza kama robo tu ya muda.

Kava hupotea asubuhi moja, kabla ya kumwaga zege. Nondo za dari zinatakiwa zikae juu ya biskuti, vile vijitofali vya zege vya milimita 50 vyenye waya wa kufungia, walau vinne kwa kila mita ya mraba. Biskuti zifinyangwe kwa mchanganyiko wenye nguvu kama ya zege lenyewe, zikae majini wiki nzima kabla ya kutumika. Wengi huweka kokoto iliyookotwa, kipande cha mbao au kipande cha nondo. Kokoto huteleza, mbao huoza ikaacha tundu, na kipande cha nondo kinachogusa nje huipitishia kutu nondo kubwa. Kisha vibarua hupita na karai juu ya nondo bila mbao za kukanyagia, na wavu wote unashuka hadi chini. Hata ncha za waya wa kufungia zikunjwe kuelekea ndani. Ncha moja iliyochungulia nje itatoa doa la kutu.

Sasa matengenezo. Kwanza magari mazito yazuiwe na dari litegemezwe. Zege lichongwe hadi nyuma ya nondo, milimita 20 hivi, ili vidole vipite, na lifuatwe mpaka pale ambapo nondo haina kutu tena. Nondo zisuguliwe mpaka zing'ae, kisha zipimwe. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10.5 imeshapoteza karibu robo ya chuma chake. Hapo hufungwa nondo mpya pembeni, ikipishana na nzima kwa sentimita 60 kila upande. Zege la zamani liloweshwe, ndipo pajazwe kwa mchanganyiko maalumu wa ukarabati na kumwagiliwa siku saba.

Plasta inafunika jeraha na kuiacha chumvi ndani. Hata kiraka kizuri kikiwa kidogo mno, kutu huhamia kwenye zege lenye chumvi lililobaki pembeni yake.

Waandikieni TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), kama barabara hiyo iko chini yao, mkiambatanisha picha ambazo rula inaonekana.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni fundi mchanga, niko saiti ya mitaro hapa Makorora. Zege likitoka gumu msimamizi wetu huamuru ndoo moja ya maji iongezwe kwa kila mfuko. Linalainika vizuri. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba kijana. Ubaya upo, tena mkubwa. Kwa zege la pwani, maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji: mfuko wa kilo 50, lita 22.5. Humo hesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), ukipima kwa boksi la lita 35 (sentimita 35 kwa 40 kwa 25, ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji), mchanga ni kama kilo 80. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5 umeshaleta lita 4, kwa hiyo unaongeza 18 na nusu tu. Ndoo ya lita 10 juu ya hapo inakupeleka 0.65. Nguvu inashuka kama theluthi, na maji ya ziada yakikauka yanaacha vinjia ambavyo chumvi itapitia.

Dawa ya ugumu ni kilainisho cha zege kwa kipimo cha mtengenezaji, au mhandisi arekebishe uwiano wa mchanga na kokoto. Pimeni ulaini kwa koni ya milimita 300: tabaka tatu, kila tabaka lidungwe mara 25, uinue koni wima, upime zege limeshuka kiasi gani. Vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane, izamishwe wima kila sentimita 40, itolewe polepole. Ikiharakishwa, ukifungua mbao utakuta matundu kama sega la nyuki.

Na maji ya kisima chenye chumvi yasiingie kwenye zege lenye nondo, wala mchanga wa ufukweni.

SWALI: Mtaro mpya wa mtaani kwetu Chumbageni unajaa maji hata siku ya jua kali. Baada ya saa chache yanatoweka. Umejengwa vibaya?

JIBU: Hayo yanaelekea kuwa maji ya bahari. Onjeni, mtajua. Mdomo wa mtaro uko chini ya kimo cha maji kujaa wakati wa bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi), na pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati huo huzidi mita 3. Nendeni siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa, mweke alama ya rangi mdomoni. Alama hiyo ndiyo msingi wa hesabu yote. Bamvua kubwa kabisa huja karibu na Machi na Septemba, na ya Machi inakutana na masika.

Kuuinua mdomo kunakula mwinamo. Mtaro wa mita 300 wenye mwinamo wa 1 kwa 200 unataka tofauti ya mita 1.5 toka mwanzo hadi mwisho, na mji ulio tambarare hauna kimo hicho cha kugawa. Hapo huwekwa mlango wa bawaba: maji ya mvua yanausukuma ukafunguka, bahari ikipanda inaufunga. Chupa moja ya plastiki ikinasa, hautafunga. Kwa hiyo kabla yake panatakiwa wavu, na mtu mwenye zamu ya kuusafisha.

Lakini mlango ukifungwa, mvua inakwenda wapi? Hekta moja ya mtaa, mvua ya milimita 50, asilimia 60 ikitiririka, ni mita za ujazo 300. Mtaro wa mita 300 wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1 umejaa pomoni kwa hekta moja tu. Ulizeni ofisi ya mhandisi mtaro wenu unahudumia hekta ngapi, na maji yatahifadhiwa wapi kwa zile saa ambazo mlango umefungwa.