Mkwe wangu anachoma nguruwe uani, kisha ananipa biri

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, ninaishi Tampa, Florida. Nimeoa binti wa ukoo wa Kikuba aliyesilimu miaka minne iliyopita. Wazazi wake ni Wakatoliki, watu wema sana kwetu. Kila mwaka majira ya joto ukoo wote hukusanyika kwao, na baba mkwe huchoma nguruwe mzima uani. Humlaza ndani ya sanduku kubwa la mbao lililofunikwa kwa bati, na makaa yanawekwa juu ya bati. Mimi na mke wangu hatuli, nao wanajua. Hutuchomea kuku pembeni.

Linalonisumbua ni biri. Nguruwe akishaiva, mzee hutoa biri nene za Kikuba akampa kila mwanamume, tukakaa chini ya mti tukivuta karibu saa nzima. Babu yake alikuwa msokotaji wa biri Ybor City, mtaa wa viwanda vya biri hapa Tampa, na kwake kukupa biri ni kukuambia umekuwa mtoto wake. Nimevuta miaka miwili mfululizo, siku hiyo tu. Sigara sivuti kabisa. Mwaka jana shemeji yangu wa miaka 16 naye alipewa yake ya kwanza. Najiambia kuwa biri si nguruwe wala si ulevi. Ndugu zangu msikitini wao wananiambia nisikanyage kabisa pale. Nifanyeje?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, nianze na hao wanaokukataza kwenda, kwa sababu nyuma yako yupo mtu ambaye hawakumfikiria: mke wako. Asmaa binti Abubakar alijiwa Madina na mama yake, ambaye wakati huo alikuwa bado mshirikina, akitaraji wema wa bintiye. Asmaa akamwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza kama amuunge. Akamjibu: ndiyo, muunge mama yako. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Sura Luqman, aya ya 15, Allah anawataja wazazi wanaofika hadi ya kumshurutisha mtoto afanye ushirikina: anamkataza kuwatii katika hilo, na papo hapo anamwamuru akae nao duniani kwa wema. Wakwe zako hawajawashurutisha chochote, wanawachomea kuku. Mwanamke aliyesilimu peke yake katika ukoo wake asikatiwe mlango wa kwao kwa sababu ya sanduku la makaa. Nendeni.

Lakini mkutano huo ungekuwa wa Nochebuena, usiku wa tarehe 24 Desemba ambao Wakuba pia huchoma nguruwe, jibu langu lingekuwa jingine, kwa kuwa huo ni usiku wa ibada yao, nasi hatushiriki sikukuu za dini isiyo yetu. Siku ya ukoo ya kiangazi haina ibada ndani yake. Hukutaja bia. Ikiwa ipo, basi meza yenye pombe msiikalie, Mtume (s.a.w.) amemkataza anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kuketi penye meza inayopitishwa pombe. Tengeni meza yenu mapema, kabla watu hawajajaa. Na kazi ya nguruwe mwenyewe, kumnunua, kumkolea viungo, kumbeba na kumkatakata, usiishike. Waachie wenyewe, wewe shika kuku.

Kuhusu nguruwe mmejilinda, namshukuru Allah kwa hilo. Ila naogopa mnaangalia nyama tu. Katika upishi wa Kikuba mafuta ya nguruwe huingia kusikoonekana. Mkate wao mrefu kwa asili hukandwa kwa mafuta hayo. Maharage meusi na wali wa maharage mara nyingi hupikwa na kipande cha nguruwe ndani. Mchuzi wa vitunguu saumu na maji ya danzi unaomwagiwa mihogo huenda umeanza na kijiko cha mafuta yale yale. Mke wako ndiye anayejua jikoni mwa mama yake, basi aulize kwa upole au aipike mihogo yeye mwenyewe.

Vyombo vina hadithi yake. Abu Tha'laba al-Khushani alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaishi jirani na Watu wa Kitabu, ambao hupika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Akamwambia: mkipata vyombo vingine, tumieni hivyo, msipopata, viosheni kwa maji, kisha kuleni na kunyweni. Ameipokea Abu Daud. Swali lako, ndugu yangu, liliulizwa kabla yako kwa karibu miaka 1,400. Kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, najisi ya nguruwe ni nzito kama ya mbwa, huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Imamu Nawawi, ambaye ndiye nguzo ya madhehebu yetu, amesema kwamba kwa upande wa dalili iliyo na nguvu ni kuosha mara moja bila udongo. Nalitaja hili ili usiingiwe na wasiwasi kila mtoto wa shemeji anapokushika kwa mkono wenye mafuta. Shati likipata tone, lioshwe. Kikavu kikigusana na kikavu, hakuna kilichohama. Na moshi unaokuja nguoni, kwa ulivyoeleza, ni wa makaa yaliyo juu ya bati, wala si wa mafuta yanayodondokea motoni. Hata ungekuwa wa mafuta, kidogo chake husamehewa. Chukua nguo safi ya kuswalia, uondoe shaka.

Sasa biri, ambayo ndiyo hasa uliyoniuliza.

Umesema si nguruwe wala si ulevi. Ni kweli, na hutaikuta tumbaku ikitajwa katika Qur'ani. Mmea huu wakati huo ulikuwa ng'ambo ya bahari, Amerika, na haukuingia nchi za Kiislamu ila mwishoni mwa karne ya 16. Ulipoingia, wanazuoni walitofautiana, tena vikali. Misri peke yake walikuwepo wawili wa zama moja na madhehebu moja ya Maliki: al-Laqani akiharamisha, al-Ajhuri akiruhusu. Sultani Murad wa Nne wa Waturuki aliipiga marufuku mwaka 1633 na akawaua wavutaji. Miaka ya baadaye, Damascus, Abdulghani al-Nabulsi aliandika kuitetea. Siwezi kukuficha khitilafu hii, kwa sababu ukiikuta mbele ya safari utadhani nilikudanganya.

Lakini isikilize vizuri hoja ya walioruhusu. Hawakusema kwamba yenye madhara ni halali. Walisema asili ya vitu ni uhalali na madhara yake hayajathibiti, na anayedhuriwa nayo kwake ni haramu. Fatwa yao imefungwa kwa sharti, na sharti hilo limeshafunguka mbele ya macho yetu: madhara yamethibiti. Shirika la Afya Duniani linahesabu wanaokufa kwa tumbaku kila mwaka kuwa zaidi ya milioni 7. Ndiyo maana Baraza la Fatwa la Malaysia, nchi ya Mashafi kama sisi, lilitamka mwaka 1995 kuwa kuvuta ni haramu. Ndugu zetu Maibadhi, watu wa madhehebu ya Ibadhi, wa Oman na wa Unguja, wana msimamo huo tangu zamani. Nami naushika: ni haramu, kwa kauli ya Allah "wala msijitie wenyewe katika maangamizi" (Baqara, 195), na kauli ya Mtume (s.a.w.) kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuriana.

Wavuta biri wana faraja yao: sisi moshi hatuumezi. Mwili hauhitaji uumeze. Nikotini ya biri hupenya katika ngozi laini ya mdomo, na moshi uleule huleta kansa ya mdomo, ya koo na ya umio. Biri moja nene inaweza kubeba tumbaku kiasi cha pakiti nzima ya sigara, na ndiyo maana mnakaa nayo saa nzima. Maalimu wangu wa kwanza, aliyenifundisha juzuu ya Amma, hakuvuta chochote maishani mwake. Alikuwa mtu wa tambuu, na kijaluba chake cha tumbaku hakikuwa mbali na mkono wake. Alikufa kwa kansa ya mdomo. Mwezi wake wa mwisho ulimi uliotusahihishia herufi moja moja ulikuwa hauwezi kuitamka "dhaad". Ninapoulizwa kuhusu tumbaku, huyo ndiye ninayemwona.

Utaniambia: ni mara moja kwa mwaka. Nakubali kwamba biri moja kwa mwaka hailingani na pakiti moja kwa siku, si kwa madhara wala kwa dhambi, na ambaye amevuta mara mbili hakuwa kama aliyezama. Tubu kwa Mola wako, hakuna kafara juu yako. Ila umeniandikia jambo ambalo pengine hukulipima ulipokuwa ukiliandika, la kijana wa miaka 16. Katika duara lile chini ya mti, wewe ndiye mwanamume pekee Mwislamu anayemjua kwa karibu. Ameona unaacha nguruwe kwa ajili ya Allah, na kwa kijana kama yeye hilo si jambo dogo. Kisha akakuona unawasha biri pamoja naye. Mwaka huu akikuona umeipokea kwa heshima na hukuiwasha, atakuuliza sababu, na hapo utakuwa na la kumwambia.

Nasema umeipokea kwa heshima, nikimaanisha maneno. Biri yenyewe usiichukue. Mzee hakutaka kukudhuru. Mji ule ulikuzwa na biri tangu Vicente Martínez Ybor alipohamishia kiwanda chake huko katika miaka ya 1880, na babu yake alijipatia riziki kwa kuzisokota. Usimkatalie mbele ya watu siku yenyewe. Mwendee kabla, wiki moja au mbili, peke yako. Mwambie unajua maana ya anachokupa, kwamba umekifurahia kuwa mwanawe, na kwamba dini yako imekuzuia kukivuta kama ilivyokuzuia nguruwe wake, jambo ambalo amelipokea siku zote bila kununa. Mwombe nafasi yako chini ya mti ibaki pale pale, upande usioelekewa na moshi.

Na usiende mikono mitupu. Wakuba wana kahawa kali ya vikombe vidogo. Sisi watu wa pwani tuna kahawa chungu ya vikombe vidogo. Mwambie mama yako Tanga akutumie dele la kahawa na vikombe vyake. Mke wako akuandalie kashata. Wakati mzee anapofungua sanduku lake la biri, wewe uwe umeshawasha makaa yako, na umimine kikombe cha kwanza umpe yeye.

Wallahu a'lam.