Kwa nini wachezaji wanakihama kiwanja chetu cha gofu ya diski?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mzaliwa wa Uvira niliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Katika bustani ya umma iliyo karibu na kwetu kuna kiwanja cha gofu ya diski chenye vikapu 18, nami ni mmoja wa watu wachache wanaojitolea kukitunza. Kilipofunguliwa miaka minne iliyopita, Jumamosi jioni tulikuwa tukipanga foleni kwenye kikapu cha kwanza. Siku hizi unaweza kukizunguka chote ukakutana na kundi moja tu, ilhali viwanja vya jirani vimejaa. Wenzangu wanasema wachezaji wamekichoka, kwa hiyo turefushe njia na kuongeza vizuizi. Mimi moyo wangu haujakubali. Ni nini hasa kinachomfanya mchezaji asirudi?

JIBU: Ndugu yangu, nakusihi uwazuie wenzako wasinunue hata kikapu kimoja kipya kabla ya kulijibu swali lako vizuri, kwa sababu dawa wanayoipendekeza huenda ikauzidisha ugonjwa. Kwa faida ya wasomaji wasioujua mchezo huu, gofu ya diski huchezwa kwa kurusha diski ngumu ya plastiki kutoka mahali palipowekwa hadi kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo juu yake, na mshindi ni yule anayemaliza vikapu vyote kwa mirusho michache zaidi. Viwanja vingi vya bustani za umma nchini Marekani havitozi kiingilio, na maana yake ni kwamba mchezaji asiyeridhika hana kinachomfunga kwenu: hakulipa ada wala hana kadi ya uanachama, basi anawasha gari lake na kwenda bustani nyingine.

Ugumu peke yake haumfukuzi mchezaji. Maple Hill, katika mji wa Leicester, Massachusetts, ni mojawapo ya viwanja vigumu vinavyojulikana zaidi Marekani. Kimepita katika shamba la miti ya Krismasi, kina maji yanayomeza diski, tena unalipa ili ucheze, lakini watu hufunga safari kutoka majimbo ya mbali kukiendea. Mchezaji anayekosea mwenyewe hurudi kesho yake kujaribu tena. Anayekoseshwa na kiwanja, yaani anayepotezewa njia, muda na diski zake bila kosa lake, ndiye asiyeonekana tena, na huyo haandiki barua ya kulalamika, anatoweka tu.

Anzeni na kupotea njia, kwa kuwa hilo ndilo kosa msiloweza kuliona ninyi wenyewe. Miguu yenu inakijua kiwanja hata usiku. Mgeni akishaokota diski yake kwenye kikapu cha 6, anatazama huku na huku, anaona vijia vitatu vimekatwa na nyayo, na hajui kipi kinampeleka kwenye njia ya 7, yaani mahali pa kurushia kuelekea kikapu cha 7. Mimi na rafiki zangu wawili tuliwahi kukicheza kiwanja kimoja cha Michigan ambako tulitoka kikapu cha 4 tukajikuta tunarusha kwenye njia ya 12, na tuligundua kosa pale tu kundi la watu walipotokea mbele yetu wakipunga mikono kwa hasira. Hatukukimaliza. Dawa ya jambo hilo ingekuwa kibao kidogo chenye mshale, kilichofungwa chini ya kikapu upande wa kuelekea njia inayofuata, pamoja na ubao kwenye kila mahali pa kurushia unaoonyesha namba, umbali na mchoro wa njia ilivyopinda. Msitegemee kwamba kila mtu ana ramani kwenye simu. Wengi wanayo kwa programu ya UDisc, lakini mtoto wa jirani aliyepewa diski moja na mjomba wake hana, na huyo ndiye mchezaji wenu wa miaka 20 ijayo.

Inafaa kukumbuka kwamba kikapu chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya kuondoa mashaka. Ed Headrick, aliyebuni kiwanja cha kwanza cha kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove huko California, alianza na nguzo tupu kuwa shabaha, na kwa kuwa wachezaji hawakuisha kubishana kama diski imegusa au haikugusa, akatengeneza kikapu cha minyororo kinachoikamata diski mbele ya macho ya wote. Kiwanja kinachomwacha mchezaji akijiuliza asimame wapi na aelekee wapi kimemrudisha kwenye ubishi uleule wa nguzo.

Jambo la pili ni pale mguu unapokanyaga, na hapa naomba uniruhusu niseme kwa kirefu, maana watunzaji wengi hulipuuza. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia hupiga hatua tatu au nne za haraka, huukita mguu wa kulia, halafu mwili mzima huzunguka juu ya mguu huo wakati diski inapoondoka. Uzito wote unapita kwenye kisigino kimoja na goti moja. Nenda asubuhi baada ya mvua, uchuchumae mbele ya sakafu ya zege ya kurushia ya njia yoyote yenye wachezaji wengi, uitazame ncha yake kwa karibu. Utaona udongo wa mbele umechimbwa na viatu na kusombwa na maji mpaka ukingo wa zege umebaki ukining'inia, pengine kwa kina cha kiganja. Mchezaji akishaachilia diski, hatua yake ya mwisho inatua kwenye shimo hilo. Atakayeteguka kifundo hapo hatarudi, na hata asiyeteguka ataanza kurusha kwa woga, na mtu anayerusha kwa woga hafurahii. Jazeni kokoto zilizoshindiliwa, mziweke sawa na zege, na mzikague kila mwezi wa msimu. Ikiwa mahali pa kurushia ni udongo mtupu, tope litawafukuza watu kila mvua inyeshapo. Zege iliyopigwa laini sana nayo huteleza kama sabuni. Ipitishwe ufagio ingali mbichi ili iwe na mikwaruzo.

Kuhusu kurefusha, jibu langu ni hapana, ila kwa namna moja. Anayeanza mchezo huu mara nyingi hafikishi diski mita 60, ilhali wenye uzoefu huvuka mita 100 bila taabu. Mkiweka sehemu moja tu ya kurushia, mmemchagua mmoja na kumkataa mwingine. Wekeni mbili kwa kila kikapu, moja ya karibu na moja ya mbali, zenye rangi tofauti, na mzijenge kwa heshima moja, kwa maana ukimpa fundi zege na ukamwachia mwanafunzi vumbi, umekwisha kumwambia kiwanja hiki si chake.

Na nyasi. Majira ya joto ya Iowa huotesha majani kwa kasi kuliko ratiba ya mashine ya manispaa. Diski moja nzuri inauzwa dola 15 hadi 20, na mtu anayetumia robo saa kuitafuta kwenye majani yanayofika magotini, huku akiogopa kupe na ule mmea utambaao wenye majani matatumatatu uwashao kuliko upupu, hawezi kusema amecheza. Pori lililo mbali na njia liacheni lilivyo, kwa sababu ndilo linaloupa mchezo ladha, lakini ukanda wa mita kadhaa kila upande wa njia, hasa pale diski nyingi zinapoangukia, ukatwe mara kwa mara.

Kabla ya kikao chenu kijacho, mtafute mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo, mpe diski mbili, umfuate nyuma bila kumwambia neno. Kila anaposimama na kutazama huku na huku, andika. Karatasi hiyo ndiyo uipeleke kwa wenzako.

SWALI: Pokea salamu zangu, mwandishi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lexington, Kentucky. Bustani tunayotembelea jioni imewekewa vikapu vya gofu ya diski, na wiki iliyopita diski ilipita karibu na kichwa cha mwanangu wa miaka minne tukiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kijana aliyeirusha aliomba radhi kwa adabu. Je, wa kulaumiwa ni yeye au ni walioweka vikapu?

JIBU: Pole sana, dada yangu, na namshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima. Diski nyingi zina uzito wa kati ya gramu 150 na 180, nazo zikirushwa na kijana mwenye nguvu huja na ukingo mwembamba. Zinaweza kuvunja meno. Kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu tangu mwaka 1976, zinamtaka mchezaji asirushe mpaka awe na hakika kwamba diski yake haitamdhuru mtu yeyote. Kwa hiyo kijana alikosa. Hata hivyo kosa kubwa naliona kwa aliyepanga kiwanja, kwa sababu diski ya mchezaji wa mkono wa kulia arushaye kwa mtindo wa kawaida humalizia mwendo wake kwa kupinda kushoto, na njia ya watembeao ikiwekwa upande huo, ajali inasubiri siku yake tu hata wachezaji wote wawe na adabu ya malaika.

Tena usidhani kwamba jambo hili linawaudhi wapita njia peke yao. Mchezaji mwenye dhamiri hukichukia kiwanja kinachomlazimisha kusubiri kila dakika mbili ili familia ipite, na hukichukia zaidi kinachomtia hofu ya kumjeruhi mtoto. Wachezaji waungwana huondoka, wakabaki wasiojali, na hapo ndipo bustani huharibika. Waandikie watu wa bustani za mji wako. Taja namba ya kikapu, saa na mahali hasa mlipokuwa mmesimama, na uombe kikapu hicho kihamishwe au mahali pa kurushia pageuzwe. Kuhamisha kikapu ni kazi ya kuchimba shimo na kumwaga zege, si ujenzi wa daraja.

SWALI: Mimi ni kijana wa Dallas, Texas. Kiwanja chetu kilizungushiwa kamba kwa ajili ya mashindano na hazijaondolewa. Diski ikivuka kamba unaongezewa mrusho mmoja. Wenzangu wawili wameacha kuja kwa sababu hiyo. Je, ni uvivu wao?

JIBU: Si uvivu. Kamba zina mahali pake: Winthrop, huko Rock Hill, South Carolina, yanakofanyika mashindano ya ubingwa wa Marekani tangu 1999, panasifika kwa kamba zake za njano, na pale zinafaa kwa sababu uwanja ni wa wazi na wachezaji ni mabingwa wanaohitaji kubanwa. Kwenye bustani ya kila siku, mtu anayeadhibiwa kwa diski iliyotua kwenye nyasi safi, mita moja nje ya kamba, hajifunzi kitu. Mti au kijito humweleza mwenyewe alikokosea. Kuna madhara mengine yasiyosemwa sana: dereva wa mashine ya kukatia nyasi hukwepa kamba, majani huota pembeni yake, na baada ya wiki tatu diski zinapotea palepale zilipokuwa zikionekana. Muombeni mwenye mashindano aje azikunje, na kama ana nia ya kuzirudisha mwakani, aache vigingi vidogo vilivyo chini ya usawa wa nyasi ili aone pa kuzifunga.