Mwanangu, siku ya kufungua utakuwa wapi?

Assalam aleikum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Mdogo wako alinirudishia mara ya pili, maana mara ya kwanza punda walikuwa wakipita na mawe chini ya dirisha na ule mwisho sikuusikia. Waniuliza mtoto arudi Nairobi lini. Arudi wiki nzima kabla shule hazijafunguliwa, azoee kulala mapema na kuamka saa kumi na moja, au arudi Jumamosi ya mwisho na Jumatatu aingie darasani? Mume wako ataka wiki nzima. Wewe hujasema wataka nini, umeniachia niseme mimi. Nakujua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatumalizi neno. Ama mimi nitaitwa mlangoni, ama wewe utasema, "Ngoja mama, nakupigia."

Tuanze na hilo la usingizi. Mtoto huyu hapa Amu, au Lamu kama msemavyo Nairobi, halali ovyo. Tangu aje analala juu darini, chini ya makuti, kwa kuwa ndani hakulaliki na joto hili, na huko juu angalau kaskazi inapita. Saa tatu ishamchukua. Adhana ya alfajiri humwamsha kabla yangu, kisha yuko chuoni akisoma Kurani na wenzake mpaka karibu na adhuhuri. Huyo anayekesha na katuni hadi saa tano za usiku ni wa kwenu Nairobi, mimi sijamwona. Ingawa, nisiseme uongo, akitoka chuoni hula, akajinyoosha kwenye baraza akalala mpaka alasiri, na hakuna shule ya Nairobi itakayomruhusu hilo. Hapo mume wako ana haki kidogo. Kidogo.

Halafu viatu. Umesema ulishamnunulia Novemba kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Mwanangu! Viatu vya shule hununuliwa wiki ya mwisho. Nimelisema mara ngapi neno hili nyumbani humu? Mtoto hapa hajatia mguu ndani ya kiatu tangu alipoteremka gatini. Ijumaa huvaa ndala za kwenda msikitini, basi. Jana alipotoka baharini nilimwita nimtazame. Vidole vimeachana, kisigino kimekuwa kigumu, chumvi imemkaukia mpaka magotini, na ukucha wa kidole gumba cha kushoto umekatika nusu kwa sababu alijikwaa akikimbilia kuruka majini. Nikamkanyagisha sakafuni, nikampima kwa uzi. Uzi ninao. Mdogo wako atakutumia picha yake kando ya rula, nawe ukavipime hivyo viatu vyako vya bei nafuu.

Wewe hasa hukupaswa kusahau, maana yalikukuta wewe. Idi ile iliangukia mwanzoni mwa Desemba 2002. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa Mombasa, akaja na viatu vyeusi vya bizimu. Akasema hivi vitakuwa vya Idi na vitakuwa vya shule, kwani Januari unaanza darasa la kwanza. Nilimwambia. Bibi yako alimwambia. Akasema wanawake wa nyumba hii wanapenda kutumia pesa mara mbili. Na kweli vilikukaa vizuri. Siku ya Idi ulizunguka navyo uwanjani Mkunguni mbele ya Ngome tangu alasiri mpaka magharibi, na usiku ulilia vilipovuliwa. Kisha nikavirudisha kwenye boksi, nikaliweka juu ya kabati, nawe ukarudi kwenye mchanga na wenzako.

Mwezi ule haukuwa wa kawaida. Tarehe 27 watu walipiga kura, tarehe 30 Kibaki akaapishwa, na kila redio ya mtaa wetu wa Langoni ilikuwa ikisema shule za msingi sasa ni bure. Tuliamini nusu. Wazazi tulikuwa tumezoea kuitishwa hiki leo na kile kesho. Babako alisema, "Bure ya serikali uihesabu mara mbili," kisha akaondoka zake kwenda kuvua upande wa Kizingitini. Sikumlaumu. Kaskazi ndiyo pesa ya mvuvi. Bahari ikichafuka wakati wa kusi atakaa nyumbani atake asitake. Likizo ya Desemba na bahari nzuri huja pamoja, na shule hufunguliwa wakati baba wa watoto wako majini. Amu hii imekuwa hivyo siku zote.

Basi asubuhi ya kufungua tulikuwa mimi, wewe na bibi yako. Nilikuosha nywele mara mbili chumvi itoke, nikakupaka mafuta ya nazi, nikakusuka, nikakuvika sare. Kiatu kikakataa. Bibi yako alipaka sabuni kisiginoni. Mimi nilichukua kijiko nikakitia nyuma, ukapiga kelele mpaka jirani akauliza ukutani kuna nini. Mwisho tukakubaliana ukanyage visigino, uende ukiviburura. Njia nzima nilikuwa nikisikia kwa, kwa, kwa, nyuma yangu.

Tulipofika sikuamini macho yangu. Nchi nzima mwaka ule waliongezeka watoto zaidi ya milioni moja, na mimi nikadhani wote wamekuja Amu. Kina mama mpaka nje ya lango, watoto wa miaka sita, watoto wa miaka kumi, na yule kijana wa mtaa wa nyuma aliyekuwa akiswaga punda wa mchanga, miaka kumi na mitatu, sauti ishavunjika, amesimama kwenye foleni ya darasa la kwanza ameinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa mlangoni na daftari, anaandika majina. Zamu yetu ilipofika hakukutazama uso. Alitazama miguu. Akasema kwa sauti, "Huyu amekuja kusoma au amekuja kuoga?"

Watu walicheka. Si wote, lakini walicheka.

Mimi, unanijua, sikosi jibu. Siku ile nilikosa. Jibu lilinijia adhuhuri nikiwa nakuna nazi, jibu zuri hasa, na mpaka leo ninalo. Yule mwalimu amestaafu, hukaa ukutani pale pwani jioni na wazee wenzake, na tukipishana hunisalimia kwa heshima. Nami humjibu. Halafu nikifika kona ya msikiti namjibu tena kimoyomoyo. Wakati mwingine namtetea: mtu mmoja, daftari moja, watoto hawahesabiki, madawati hayatoshi, hata sauti ilikuwa imemkauka. Mtu aliyechoka husema lolote. Kisha najiuliza, mbona kwa yule kijana wa punda hakusema kitu, ambaye hakuwa na viatu kabisa? Alinyamaza kwa huruma, au hakumwona? Nikifika hapo hasira hurudi upya.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Madawati yalipokwisha, walitandika mikeka. Na kwa kuwa ni mkeka, kila mtoto akavua viatu mlangoni, kama msikitini. Wenye bizimu, wenye kamba, wenye ndala, vyote vikalala mstari mmoja kizingitini, na vyako vilivyokanyagwa visigino vikafichika katikati, hakuna aliyevitambua. Nilikuona kupitia dirishani umekaa kitako, miguu umeikunja, na yule kijana mkubwa akasogea akakupa nafasi. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akanitazama. Leo kijana yule ana boti yake ya kuvusha watu Mokowe, kule bara, na mjukuu wangu kila akivuka naye hakubali nauli.

Wewe husema humkumbuki mwalimu wala hayo maneno yake. Husema unakumbuka kwamba mimi nilikaa nje chini ya ukuta mpaka mlipotoka, na kwamba kila ukigeuka ulikuwa ukiliona buibui langu. Sikukaa kwa sababu ya ushujaa. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nikilitafuta lile jibu.

Sasa nirudi kwenye ujumbe wako. Katikati, kwa haraka, umesema: "Siku ya kufungua dada wa kazi atampeleka mpaka kwenye basi la shule." Umelipitisha hilo upesi. Nami nimelisikia mara mbili. Unaniuliza tarehe ya mtoto kurudi, na mimi nataka kukuuliza siku ya kufungua utakuwa wapi. Shule ni mpya, basi ni jipya, wenzake hawajui, na anaingia gredi ya nne kwenye huu mtaala wenu ambao mzazi naye hupewa kazi za nyumbani. Asinzie darasani siku tatu za mwanzo, haitamdhuru. Watoto wa Kenya walikaa majumbani tangu Machi 2020, na ukiwatoa wale wa madarasa matatu walioitwa Oktoba, wengine walirudi Januari 2021. Wa dadako alirudi kalamu ameshaisahau mkononi, na leo tazama anavyotusomea magazeti.

Hapo napingana na nafsi yangu. Wako vijana wa mtaani kwetu walioonja pesa ya samaki mwaka ule, na darasani hawakukanyaga tena. Likizo ikizidi kiasi hugeuka maisha. Kwa hiyo simcheki mume wako kwa kutaka utaratibu, ni mtu wa utaratibu, na nyumba yenu inakwenda kwa sababu yake. Lakini utaratibu wa kuamka saa kumi na moja hata saa ya mezani yaweza kuufundisha.

Na najua rahisi kwangu kusema. Mimi nilikuwa mkaanga mahamri. Siku ile sikukaanga, wateja wakala mkate. Wewe ukikosa zamu hospitali, mgonjwa hali mkate. Ruhusa huombwa mapema na hukataliwa mapema. Yote hayo nayajua, usinitumie ujumbe mwingine wa kunieleza. Ila ulipata ruhusa ya harusi ya rafiki yako kule Kisumu, siku mbili. Nalitaja tu.

Kuhusu tarehe, sisemi. Mtoto ni wenu, na nilijiapiza sitakuwa bibi wa kuamulia watu nyumba zao kama shangazi yako. Lakini ujue haya. Mjomba wake amemwahidi kumpeleka Shela kwenye mashindano ya majahazi ya mwaka mpya, na tangu aahidiwe anataja majina ya nahodha mpaka akiwa usingizini. Ukimchukua wiki nzima kabla, atayakosa, naye atakuwa Nairobi amekaa sebuleni akizoeshwa kulala. Ukimchukua baadaye atakuja na uchovu wa njia, ingawa siku hizi lami imefika na Mombasa ni safari ya mchana mmoja, kisha treni. Na viatu, tafadhali, mvishe kwanza dukani, jioni, miguu ikiwa imevimba ya mchana. Viatu vya shule hununuliwa wiki ya mwisho. Hili silirudii tena mwaka huu.

Kama ningelazimishwa kusema, ningesema... Basi, nimeshasema sisemi.

Maembe ngowe yameanza kuiva. Nitafunga katoni moja, na yale ya juu ni ya jirani yako aliyekukalia mtoto Agosti, usiyapeleke ofisini. Mdogo wako amemrekodi mtoto akisuka ukili, kwa hiyo kazi ile ya mikono mliyopewa na shule imekwisha. Amesuka vibaya, lakini ni yeye.

Tarehe mkishaipata na mwenzio, nijulishe kabla ya Alhamisi. Wiki ile magodoro na masanduku ya wanafunzi wa bweni hujaza gati yote, na wa ofisi ya basi pale Mokowe hashikii mtu kiti kwa maneno, ataka pesa. Nitumie na namba ya kitambulisho cha mjomba wake kama umeihifadhi, cha kwake amekipoteza tena.

Mamako,
Langoni, Amu