Msiangalie nguo, fuateni hela

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama klabu za strip, zile ambazo wanawake hucheza wakivua nguo, bado ni mlango wa kuingilia ukahaba kama zamani, au sikuhizi zimekuwa burudani tu. Mi naona mlango bado upo ila umehama, na kilichouhamisha ni namna wanavyolipana humo ndani. Watu tunabishana miaka nenda rudi kuhusu uchi wakati kitu cha kufuata ni hela.

Karne ya 19 huko Marekani majumba mengi ya maonyesho yalikuwa na roshani ya juu kabisa ambayo kila mtu alijua ni ya makahaba na wateja wao, yaani biashara ilikuwa huko kwenye viti wakati jukwaani watu wanaigiza na nguo zao zote. Baadae ikaja burlesque, mwanamke anavua kidogo kidogo huku bendi inapiga na wachekeshaji wanapokezana naye, mpaka mwaka 1937 New York chini ya meya La Guardia ikazinyima leseni kumbi hizo kwa hoja ya maadili. Lakini kitu wengi wanasahau ni kwamba wale wanawake walikuwa wanalipwa mshahara, na wengine walikuwa na chama cha wafanyakazi kabisa. Balaa lilikuwa kwenye baa na klabu za usiku, ambako dansa akishuka jukwaani analazimishwa kukaa na wateja ili wanunue vinywaji vya bei mbaya, yeye apate kamisheni, na kutoka hapo mpaka kuondoka na mteja hapakuwa mbali, na mwenye baa alilijua hilo vizuri sana.

Mwaka 1964 Carol Doda akacheza kifua wazi pale klabu ya Condor, San Francisco, na klabu za namna hiyo zikaenea. Bado lakini mteja alikuwa anatazama tu. Kilichogeuza mambo ni vitu viwili vilivyokuja karibu pamoja, kwanza lap dansi, yaani dansa kumchezea mteja mapajani kwa malipo, na vyumba vya pembeni, halafu kufikia miaka ya 80 mwishoni wenye klabu wakaanza kuacha kulipa mishahara, wakamwita dansa mtu aliyejiajiri na kumtoza ada ya jukwaa, eti anakodi sehemu ya kufanyia kazi.

Sasa fikiria usiku wake unavyokwenda. Anafika, hajacheza hata wimbo mmoja, tayari anadaiwa ada, na akichelewa kuna faini, halafu akitoka lazima amkatie dijei na baunsa chochote. Klabu imeingiza madansa wengi kupita wateja kwa sababu kila dansa ni ada, haina hasara. Saa sita usiku hajafikisha hata deni, mteja anamwambia twende chumba cha VIP na anamtajia anachotaka, na dansa mwenzake kwenye chumba cha jirani anakubali hizo ekstra kwa hela ileile ya dansi. Anayekataa ndo anarudi nyumbani na deni. Hakuna mtu aliyemwambia akauze mwili, meneja atakuonyesha hata bango ukutani linalokataza, lakini hesabu yote imepangwa hivyo na klabu inachukua fungu lake la kile chumba bila kuuliza kilichotokea nyuma ya pazia. Hili linaniuma sana kwa sababu polisi wakija anayekamatwa kirahisi ni yeye.

Na sheria zimekuwa zikiangalia wapi? Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1991, kesi ya Barnes, na tena 2000, kesi ya mji wa Erie, ikaruhusu miji na majimbo kuwalazimisha madansa wafunike chuchu na wavae kichupi cha kamba, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba uchi kamili unaleta ukahaba maeneo hayo. Kichupi! Iceland wao mwaka 2010 wakapiga marufuku kabisa biashara yoyote kupata faida kwa uchi wa wafanyakazi wake, angalau hao walimwangalia anayepata faida. Uingereza mwaka 2012 mahakama ya rufaa, kesi ya klabu ya Stringfellows, ikasema dansa hakuwa mwajiriwa, na sababu kubwa ni kwamba klabu haikuwa na wajibu wa kumlipa, yeye ndo alikuwa anailipa klabu. Yaani ule mzigo aliotwishwa ndo ukatumika kumnyima haki.

Anayesema tatizo ni uchi namwomba aiangalie klabu ya Lusty Lady ya San Francisco. Pale wanawake walicheza uchi kabisa, ila nyuma ya kioo na wakilipwa kwa saa, hakuna wa kumgusa na hakuna deni la kumsukuma. Wateja walipoanza kuwarekodi kwa siri kupitia vioo vya kuonea upande mmoja, wakaungana wakaingia chama cha wafanyakazi mwaka 1996, na 2003 wakaichukua klabu wenyewe kama ushirika mpaka ilipofungwa 2013. Mwaka 1998 madansa wa klabu ya Mitchell Brothers, mji huohuo, walilipwa fidia ya dola milioni 2.85 kwenye kesi ya pamoja kuhusu hizohizo ada.

Najua wapo madansa wengi ambao hawajawahi kuuza ngono na wamechoka kuitwa makahaba, na wana haki ya kuchoka. Wapo pia wanaouza kwa uamuzi wao, hao sina ugomvi nao. Mi nawasemea wa katikati, wanaosukumwa na deni. Tangu klabu zilipofungwa 2020 kwa corona wengi wamehamia OnlyFans, mtandao wa kuuzia picha na video zako kwa wanaolipia, na huko mtandao unakata asilimia 20 ya kile ulichoingiza, usipoingiza kitu hudaiwi kitu. Jimbo la Washington mwaka 2024 limepitisha sheria ya kuwekea kikomo kile klabu inachoweza kumtoza dansa, na huo ndo utaratibu ningependa nchi nyingine zianze nao, kabla hata mkaguzi hajafungua mdomo kuuliza dansa amevaa nini.